Kompyuta Mbili za Nyumbani Zinapokataa Kuunganishwa: Ushauri kwa Wasomaji wa Mwambao wa Ziwa Mweru

Swali ambalo wasomaji wa Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya ukanda wa Mofwe wanaendelea kuliuliza ni lile lile, ingawa maneno hutofautiana: kompyuta ya dukani ilikuwa ikifunguliwa kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani bila shida, kisha siku moja ikakataa, na wenye nyumba wanaapa kwamba hakuna aliyegusa chochote. Makala haya yanampa msomaji utaratibu wa kutafuta chanzo cha tatizo hilo hatua kwa hatua, bila kumlazimu awe fundi, na bila kumtaka atumie bando la intaneti kupakua programu asizozihitaji.

Jambo moja lifahamike tangu mwanzo, kwa kuwa ushauri wote unaofuata unalitegemea. Katika mwambao huu, mara nyingi kosa haliko ndani ya programu ya kuingilia, bali liko katika yaliyotokea umeme ulipokatika na kurudi, au katika namna kompyuta hizo mbili zilivyopata mtandao. Kwa sababu hiyo, kufuta programu na kuisakinisha upya, hatua ambayo wengi huikimbilia kabla ya nyingine yoyote, huharibu mipangilio iliyokuwa sahihi na kuliacha tatizo lenyewe mahali pake.

## Maneno machache ya lazima

Kuingia kwa mbali ni kitendo cha mtu aliyeketi mbele ya kompyuta moja kuifungua na kuitumia kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwa jina la mtumiaji na nywila ya kompyuta hiyo nyingine. Kompyuta inayobisha hodi itaitwa hapa kompyuta mgeni, na ile inayofunguliwa itaitwa kompyuta mwenyeji. Anwani ya IP ni namba inayoitambulisha kila kompyuta ndani ya mtandao, kwa mfano 192.168.1.20. Mlango ni namba inayotofautisha huduma moja na nyingine ndani ya anwani hiyo hiyo, kwa kuwa kompyuta moja inaweza kutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja.

Huduma zinazotumika zaidi majumbani ni mbili. Ya kwanza ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa Finland, baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Huduma hii husimba mawasiliano yote ili asiyehusika asiweze kuyasoma, na kwa kawaida husikiliza katika mlango namba 22. Ya pili ni RDP ya Windows, ambayo huonyesha skrini nzima ya kompyuta mwenyeji na kusikiliza katika mlango namba 3389. Huduma ya zamani ya Telnet, inayotumia mlango namba 23, hupitisha nywila waziwazi, na haifai kutumiwa hata ndani ya nyumba.

## Umeme ukirudi, vitu vinne hubadilika

Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Kariba, mgao wa umeme nchini Zambia ulifikia saa nyingi kwa siku, na kompyuta nyingi za nyumbani zikawa zinazimika na kuwaka bila mpangilio. Hata pasipo mgao, radi za msimu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, hukata umeme mara kwa mara katika Mkoa wa Luapula. Anayetaka kuelewa kwa nini muunganisho wa jana haufanyi kazi leo anapaswa kwanza kujiuliza kama umeme ulikatika kati ya jana na leo, na ikiwa jibu ni ndiyo, achunguze mambo haya kabla ya mengine yote:

1. Kompyuta mwenyeji imewaka? Kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezimika umeme unaporudi, hadi mtu abonyeze kitufe. Mipangilio ya BIOS, yaani ile inayofunguliwa kabla mfumo wa uendeshaji haujaanza, mara nyingi huwa na chaguo la kuifanya kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi. Vilevile, kompyuta mpakato iliyofunikwa, au ile ya mezani iliyoachwa muda mrefu, hulala usingizi na kuacha kuitikia mtandao, ingawa taa yake ndogo huendelea kumetameta.
2. Anwani imebadilika? Ruta hugawa anwani kwa mkopo wa muda maalumu, na ruta za bei nafuu husahau orodha ya mikopo hiyo zinapozimika. Kompyuta iliyokuwa 192.168.1.20 inaweza kuamka ikiwa 192.168.1.23, na namba 20 ikapewa simu ya mgeni aliyekuja kutembea.
3. Anwani inaanza na 169.254? Hiyo ni namba ambayo kompyuta hujipa yenyewe inapokosa ruta ya kuiomba, na hutokea zaidi pale kompyuta inapowaka haraka kuliko ruta. Mara nyingi kuchomoa kebo na kuichomeka tena, au kukata Wi-Fi na kuiunganisha upya baada ya ruta kuwaka kikamilifu, hutosha.
4. Huduma imeanza? Katika Windows 10 na 11, seva ya OpenSSH, yaani programu inayopokea wageni wa SSH, inaposakinishwa kwa kawaida huwekwa katika hali ya kuanzishwa kwa mkono. Maana yake ni kwamba aliyeianzisha siku ya kwanza ataitumia kwa raha hadi kompyuta itakapozimika, na baada ya hapo haitaanza tena mpaka aamuru.

Jambo hili la nne huwasumbua watu kuliko yote, kwa sababu huonekana kama kompyuta imeharibika ilhali inafanya kile ilichoagizwa. Dawa yake ni amri mbili katika PowerShell iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta mwenyeji:

`Start-Service sshd`

`Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic`

Katika Ubuntu na Linux Mint, amri inayofanya kazi hiyo ni `sudo systemctl enable --now ssh`. Ikiwa jibu ni kwamba huduma hiyo haipo, basi seva haijawahi kusakinishwa; Ubuntu ya mezani huja na programu ya kubishia hodi, lakini haiji na programu ya kupokelea wageni, ambayo jina lake ni `openssh-server`.

## Je, kompyuta zote mbili ziko katika mtandao mmoja?

Swali hili huonekana la kitoto, na ndiyo maana hurukwa. Nyumba nyingi za Nchelenge hazina ruta moja inayohudumia kila chumba. Kompyuta moja hupata intaneti kwa modemu ya MTN iliyochomekwa kwenye USB, ya pili kwa hotspoti ya simu yenye laini ya Airtel au Zamtel, na mwenye nyumba huamini kwamba kwa kuwa zote mbili zina intaneti, na zimekaa juu ya meza moja, basi zinaonana. Hazionani. Kila modemu na kila simu huunda mtandao wake mdogo uliojitenga, na kompyuta iliyo ndani ya mtandao mmoja haina njia ya moja kwa moja ya kuifikia kompyuta iliyo ndani ya mtandao mwingine.

Namna ya kuhakikisha ni kutazama anwani za kompyuta zote mbili kwa wakati mmoja. Katika Windows, msomaji afungue dirisha la amri na kuandika `ipconfig`. Katika Linux aandike `ip addr`. Kisha alinganishe:

- Ikiwa tarakimu za makundi matatu ya mwanzo zinafanana, kwa mfano 192.168.8.4 na 192.168.8.11, kwa kawaida kompyuta hizo ziko katika mtandao mmoja.
- Ikiwa moja ni 192.168.8.4 na nyingine ni 192.168.43.7, ni dhahiri kwamba moja iko kwenye ruta na nyingine iko kwenye kitu kingine, huenda hotspoti ya simu.
- Ikiwa moja inaanza na 172.20.10, kwa kawaida kompyuta hiyo imeunganishwa kwenye hotspoti ya iPhone.
- Ikiwa zinafanana lakini kila moja iko kwenye ruta yake, kufanana huko ni kwa bahati tu, kwa kuwa viwanda huuza maelfu ya ruta zenye namba zile zile. Kwa hiyo jina la Wi-Fi lisomwe pia.

Suluhisho si kununua kifaa kipya. Kompyuta zote mbili ziunganishwe kwenye ruta moja, au kwenye hotspoti ya simu moja, hata kama simu hiyo haina bando lolote, kwa sababu mawasiliano kati ya kompyuta mbili zilizo chini ya hotspoti moja hupita ndani ya simu na hayatoki kwenda kwenye mnara. Hili lisisitizwe, kwa kuwa wasomaji wengi huogopa kuhamisha picha na hesabu za duka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine wakidhani kila faili linahesabiwa kwenye bando.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, baadhi ya simu na ruta huzuia vifaa vilivyounganishwa visionane, na ruta nyingi hufanya hivyo katika Wi-Fi ya wageni. Aliyeunganisha kompyuta moja kwenye Wi-Fi ya wageni ataona intaneti ikifanya kazi vizuri, na bado kompyuta zake hazitafikiana. Ya pili, ruta zinazotoa Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz na ya 5 GHz zina uwezo tofauti wa kupenya, na ile ya 5 GHz huzuiwa zaidi na kuta za matofali ya kuchoma na mabati. Duka lililo mbele ya nyumba na chumba kilicho nyuma yake viunganishwe kwa 2.4 GHz, au kwa kebo.

Kuhusu kebo, neno moja linatosha: taa ndogo zilizo pembeni mwa tundu la mtandao zisipowaka baada ya kebo kuchomekwa pande zote mbili, hakuna mpangilio wa programu utakaosaidia. Kebo ya shaba inayopita nje kati ya majengo mawili huingiza mshtuko wa radi ndani ya kompyuta, na ni busara ichomolewe mawingu yanapokusanyika juu ya ziwa.

## Kusoma jibu la skrini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Watu wengi huona maandishi ya Kiingereza, au ya Kifaransa ikiwa kompyuta ilinunuliwa Lubumbashi, wakayafunga bila kuyasoma na kusema tu kwamba imekataa. Lakini kompyuta haikatai kwa namna moja, na kila namna ya kukataa huonyesha mahali tofauti penye kosa. Anayeyasoma maneno hayo kama yalivyo ameokoa zaidi ya nusu ya muda wa kutafuta.

Ukimya mrefu, kisha "Connection timed out". Kompyuta mgeni imebisha na haikujibiwa kabisa. Ama anwani si sahihi, ama kompyuta mwenyeji imezimika au imelala, ama ukuta-moto umeyameza maombi bila kujibu. Ukuta-moto ni programu inayoamua mawasiliano yapi yaruhusiwe kuingia katika kompyuta na yapi yazuiwe. Nywila haihusiki hata kidogo katika hatua hii, na kuibadilisha ni kupoteza muda.

Jibu la haraka la "Connection refused". Hili ni jibu jema kuliko linavyosikika, kwa sababu linathibitisha kwamba kuna kompyuta katika anwani hiyo na kwamba njia ni nzima. Kinachokosekana kwa kawaida ni huduma: seva haijaanza, au inasikiliza katika mlango mwingine. Msomaji arudi kwenye amri za kuanzisha huduma zilizotajwa hapo juu. Aangalie pia kwamba aliyejibu ni kompyuta aliyoikusudia, kwani simu iliyopewa anwani ya zamani ya kompyuta hiyo inaweza kutoa jibu hilo hilo.

"No route to host". Mara nyingi kompyuta mgeni haijui pa kupitia, au imeitafuta kompyuta mwenyeji ndani ya mtandao wake na haikuiona. Sehemu iliyotangulia inayohusu mtandao mmoja isomwe tena.

"Permission denied". Mlango umefunguliwa, huduma imeitika, na kilichokataliwa ni jina la mtumiaji, nywila au ufunguo. Kugusa ruta au kebo baada ya kuona maneno haya ni kosa, kwa kuwa vyote viwili vimekwisha kuthibitishwa kuwa vizima.

"REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED". Onyo hili huandikwa kwa herufi kubwa na huwatisha watu, na ni haki litishe. SSH hukumbuka alama ya utambulisho ya kila kompyuta iliyowahi kufunguliwa, na hapa inasema kwamba kompyuta iliyo katika anwani hiyo leo si ile iliyofahamika. Baada ya umeme kukatika, sababu ya kawaida ni kwamba ruta imewapa wengine anwani ya zamani. Baada ya mfumo kusakinishwa upya, sababu ni utambulisho mpya. Hata hivyo, mtu asifute onyo bila kuhakikisha. Katika kompyuta mwenyeji ya Linux alama hiyo husomwa kwa amri

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

na ikilingana na ile inayoonyeshwa kwa mgeni, kumbukumbu ya zamani inaweza kufutwa kwa `ssh-keygen -R` ikifuatiwa na anwani.

"no matching host key type found". Ujumbe huu hutokea pale kompyuta moja ni ya zamani mno kuliko nyingine. Toleo la 8.8 la OpenSSH, lililotoka mwaka 2021, liliacha kukubali kwa kawaida aina ya saini ya zamani iliyokuwa imedhoofika, na kompyuta iliyotumika iliyonunuliwa ikiwa na mfumo wa miaka mingi iliyopita inaweza kuwa haijui aina nyingine. Kinachofaa ni kuboresha mfumo wa kompyuta ya zamani, wala si kuilazimisha mpya ishushe ulinzi wake.

## Kuligawa tatizo katikati

Ikiwa jibu la skrini bado halijaonyesha njia, kuna jaribio moja linalopaswa kufanywa mbele ya kompyuta mwenyeji yenyewe: kompyuta hiyo ijibishie hodi kwa amri `ssh localhost`. Ikijifungua, huduma yake ni nzima na jina na nywila vinafaa, kwa hiyo kosa liko nje, katika anwani, mtandao au ukuta-moto. Ikishindwa kujifungua yenyewe, hakuna sababu ya kuihangaikia ruta.

Jaribio la pili hufanywa katika kompyuta mgeni. Wengi hutumia `ping`, amri inayotuma ombi dogo na kusubiri jibu, na wakikosa jibu hukata tamaa. Lakini ukuta-moto wa Windows mara nyingi huzuia majibu ya `ping` hata pale kompyuta ni nzima na iko hewani, kwa hiyo kukosa jibu si ushahidi. Baada ya `ping` kushindwa, iandikwe `arp -a` katika Windows, au `ip neigh` katika Linux. Ikiwa anwani ya kompyuta mwenyeji inaonekana ikiwa na namba ya kifaa pembeni yake, yaani jozi sita za herufi na tarakimu, basi kompyuta hiyo imeonekana katika mtandao na kinachozuia ni ukuta-moto wake au huduma.

Mlango wenyewe hujaribiwa hivi, kwa anwani halisi ya mwenyeji:

- Windows, katika PowerShell: `Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 22`
- Linux: `nc -vz 192.168.1.20 22`

Kwa RDP, namba 22 ibadilishwe kuwa 3389. Na kila baada ya badiliko moja, jaribio lirudiwe kabla ya kufanya badiliko jingine, kwa maana anayebadili mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya, na kosa likirudi ataanza upya.

## Makosa ya kawaida katika Windows

Yapo manne ambayo hujirudia kiasi kwamba yanastahili kuchunguzwa hata kabla ya kusoma ujumbe wowote.

- Toleo la Home halipokei RDP. Windows 10 Home na Windows 11 Home zinaweza kubisha hodi kwa kompyuta nyingine, lakini hazipokei mgeni. Aliye na Home katika kompyuta mwenyeji atumie SSH, au awe na toleo la Pro.
- Mtandao umewekwa kuwa wa hadharani. Windows ikiunganishwa kwenye Wi-Fi mpya, kwa mfano baada ya jina la ruta kubadilishwa, huweza kuuhesabu kama mtandao wa hadharani na kufunga milango mingi. Katika mipangilio ya mtandao, wa nyumbani uwekwe "Private", au "Privé" katika Windows ya Kifaransa. Wi-Fi ya hoteli au ya kibanda cha intaneti isiwekwe hivyo kamwe.
- PIN si nywila. Namba fupi inayofungua kompyuta asubuhi haifanyi kazi katika kuingia kwa mbali. Inayotakiwa ni nywila ya akaunti yenyewe, na akaunti isiyo na nywila kabisa hukataliwa, kwa kuwa Windows huiruhusu mbele ya kibodi yake tu.
- Jina la mtumiaji silo linaloonekana kwenye skrini. Aliyefungua akaunti kwa barua pepe mara nyingi hupewa jina la ndani la herufi tano za mwanzo za barua pepe hiyo. Amri `whoami` katika kompyuta mwenyeji humwonyesha jina halisi.

Wanaotumia funguo za SSH badala ya nywila wajue pia kwamba, katika Windows, mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi hatafutiwi ufunguo katika folda yake. Kwa mipangilio ya kawaida hutafutwa katika faili la `administrators_authorized_keys` lililomo ndani ya `C:\ProgramData\ssh`. Katika Linux, watumiaji wengine wakiwa na ruhusa ya kuandika katika folda ya `.ssh`, ufunguo hukataliwa kimyakimya. Ruhusa zake ziwe 700, na za faili la `authorized_keys` ziwe 600.

## Kibodi ya Kifaransa

Jambo hili ni la mpakani, na vitabu vya kompyuta vilivyoandikwa mbali hulitaja kwa nadra. Kompyuta zinazovuka kutoka Pweto, Kilwa ya Kongo au Lubumbashi aghalabu huwa na kibodi ya mpangilio wa Kifaransa, ambamo A na Q zimebadilishana nafasi, W na Z vilevile, na tarakimu za safu ya juu hupatikana kwa kubonyeza Shift. Nywila iliyotungwa katika kibodi hiyo, kisha ikaandikwa katika kompyuta yenye mpangilio wa Kiingereza na mtu anayefuata mazoea ya vidole, hutoka ikiwa na herufi nyingine kabisa, na kwa kuwa nywila haionekani inapoandikwa, mwandishi hana namna ya kutambua kosa lake.

Kabla ya kuhukumu kwamba nywila imesahaulika, iandikwe kwanza mahali inapoonekana, kama vile katika dirisha tupu la kuandikia maandishi, kisha ilinganishwe herufi kwa herufi na maandishi hayo yafutwe. Ikiwa herufi zinapishana, mpangilio wa kibodi ubadilishwe, au itungwe nywila ndefu ya herufi ndogo ambazo hazihami kati ya mipangilio hiyo miwili.

## Mashaka ambayo wasomaji huyaleta

*Kwa nini isitumike AnyDesk au TeamViewer na mambo yakaisha?* Programu hizo zinafaa pale kompyuta mbili ziko mbali. Lakini kwa kawaida huanza kwa kuwasiliana na seva za kampuni zao kupitia intaneti, na kwa hiyo bando likiisha au mnara ukizimika, kompyuta mbili zilizo chini ya paa moja hushindwa kufikiana bila sababu ya msingi.

*Je, ukuta-moto usizimwe tu?* Kuuzima kwa dakika moja ili kujua kama ndio unaozuia ni jaribio linalokubalika, mradi mtandao ni wa nyumbani. Kuuacha umezimwa ni hatari, hasa kwa kompyuta mpakato inayobebwa kwenda sokoni Kashikishi na kuunganishwa kwenye hotspoti za watu. Ukionekana kuwa ndio chanzo, ifunguliwe ruhusa ya mlango mmoja unaohitajika. Katika Ubuntu amri ni `sudo ufw allow 22/tcp`.

*Je, njia hii itafanya kazi kwa aliye Pweto akitaka kuifungua kompyuta ya Nchelenge?* Kwa utaratibu huu pekee, hapana. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na Starlink, iliyoanza kutoa huduma Zambia mwaka 2023, hufanya vivyo hivyo kwa wateja wa kawaida wa nyumbani. Ruta ikionyesha anwani ya nje iliyo kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ndiyo dalili yake. Hapo hutakiwa njia ya siri kati ya kompyuta hizo, kama ile inayojengwa na Tailscale, na kufungua mlango 22 wa ruta kuelekea intaneti hakusaidii wala si salama.

*Je, si kosa la kisheria?* Kuifungua kompyuta yako mwenyewe si kosa. Kuifungua ya mtu mwingine bila ruhusa yake ni kosa chini ya sheria za mtandao ambazo Bunge la Zambia lilipitisha mwaka 2021 na kuzibadilisha kwa nyingine mwaka 2025, hata kama kompyuta hiyo ni ya jirani aliyesahau kuweka nywila imara.

## Kuzuia kosa lisirudi

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni kuifungia kompyuta mwenyeji anwani yake ndani ya ruta, ili kila umeme unaporudi ipewe namba ile ile. Ukurasa wa ruta hufunguliwa katika kivinjari kwa kuandika anwani ambayo `ipconfig` huionyesha kwenye mstari wa "Default Gateway", au "Passerelle par défaut" kwa Kifaransa. Katika ruta nyingi za Huawei za laini ya simu anwani hiyo ni 192.168.8.1. Humo hutafutwa sehemu ya DHCP, yaani utaratibu wa kugawa anwani, na namba ya kifaa cha kompyuta mwenyeji huandikwa pamoja na anwani iliyochaguliwa. Hotspoti za simu nyingi hazina nafasi hiyo, na hii ni sababu nzuri ya kutumia ruta ndogo hata katika nyumba isiyo na intaneti.

Pili, ruta iwekwe kwenye betri ndogo au kwenye umeme wa jua, kwa kuwa hutumia umeme kidogo sana, na ruta isiyozimika haisahau anwani ilizogawa.

Wasomaji ambao watakuwa wamepitia hatua hizi na bado kompyuta zao hazifunguki wanaombwa, watakapomwendea fundi au kuuliza tena, waandike mambo manne: maneno kamili ya ujumbe wa kosa kama yalivyo kwenye skrini, anwani za kompyuta zote mbili kwa wakati huo huo, mfumo wa uendeshaji wa kila moja pamoja na toleo lake, na kama `ssh localhost` ilifanikiwa au haikufanikiwa. Nywila isiandikwe wala isitajwe kwa yeyote.